Mpiga Gitaa Hatangulii

Mlango wa Malachy Linnane ulifunguka upana wa jicho moja tu, na jicho lenyewe lilikuwa la mkewe.

"Nani?"

"Sajenti Hession, Assumpta. Tumeachana kanisani sasa hivi."

"Uko peke yako?"

"Niko na mvua. Fungua, inaniingia kisogoni."

Mnyororo ulitolewa, kisha komeo, kisha kiti kilichoegemezwa nyuma ya mlango kikaburutwa. Ndani kulikuwa na giza ingawa ilikuwa adhuhuri ya Jumapili. Mapazia yote yalikuwa yamefungwa na kubanwa kwa vibanio vya nguo. Malachy alikuwa ameketi katikati ya ngazi, mgongo ukutani, mahali pekee katika nyumba ile ambapo hakuna dirisha lililoweza kumwona. Magotini alikuwa na chuma cha kuchochea moto.

"Umelala?" Hession alimwuliza.

"Nimefumba macho. Kulala ni kitu kingine."

Attracta Hession hakuwa na nafasi ya kumbembeleza. Mzee Eugene Talty, aliyekuwa akipiga konsetina, kile kinanda kidogo cha kubana kwa mikono miwili, alikuwa ametolewa maiti katika maji ya machimbo ya mawe juu ya kijiji cha Kilfarna, akazikwa Ijumaa kwa heshima zote. Mkuu wa Hession katika polisi, kule mjini Ennis, aliamini kwamba mzee aliteleza. Amri yake ilikuwa fupi: kesho urudi, faili lifungwe. Mtu mmoja tu alijua kwamba mzee hakuteleza, na mtu huyo ndiye aliyekuwa ngazini amekumbatia chuma. Hession akiondoka bila kumpata muuaji, angemwacha Malachy katika kijiji ambamo muuaji anamjua yeye, na yeye hamjui muuaji.

"Nieleze tena," alisema akivua koti. "Kama vile sijawahi kukusikia."

Malachy alilamba midomo. "Nilikuwa kule machimboni asubuhi ile, ndani ya gari langu la mizigo, nyuma ya rundo la mawe. Ukungu ulikuwa mzito, huoni hata taa za gari lako mwenyewe. Nilikuwa napiga jazz kwa gitaa."

"Kwa nini kule?"

"Kwa sababu wakimsikia hapa wanamcheka," Assumpta alidakia kutoka jikoni. "Waume wa wenzangu wanajificha na chupa. Wangu anajificha na jazz."

"Endelea."

"Nikasikia sauti ya Eugene. Alisema, 'Niachie mkono.' Hakupiga kelele, alisema tu, kama unavyomwambia mtu unayemfahamu. Kisha mawe yakaporomoka, kisha maji." Aligeuza chuma magotini. "Nikaacha kupiga. Hapo ndipo nilipokosea, Sajenti. Kama ningeendelea, labda yule mtu angedhani ni redio. Niliacha katikati ya kodi, nyuzi zote zikilia pamoja, mkono bado uko juu yake, na ukungu wote ukawa unanisikiliza."

"Naye?"

"Akapita karibu na gari. Nilisikia viatu vyake kwenye kokoto. Alikuwa anaimba."

"Maneno gani?"

"Bila maneno. Kwa mdomo tu, di-del-di, chini chini, kama mtu anavyojituliza. Sauti yake sikuijua, ilikuwa pumzi zaidi kuliko sauti. Lakini tuni niliijua. 'Kondoo wa Padri.' Kila mtoto wa parokia hii anaijua. Ila yule aliipiga kona vibaya."

Hession alikuwa amelala na maneno hayo kwa siku kadhaa. Yeye alizaliwa Roscommon, mbali na tuni hizi, na walimu wake wa muziki walikuwa wameshamwambia mama yake kwamba mtoto yule ana masikio ya mbao. "Nifafanulie hiyo kona."

"Katika sehemu ya pili kuna mahali tuni inakunja kona. Sisi sote hapa tunashuka. Alivyofundisha mwalimu wa zamani ndivyo tulivyofundishwa, na aliyekosea alichapwa. Yule mtu alipanda juu. Sijawahi kumsikia mtu wa Kilfarna akipanda."

"Basi si mtu wa Kilfarna."

"Ni wa hapa," Malachy alisema, na macho yake yakaenda kwenye boksi la gitaa lililokuwa chini ya ngazi. "Mgeni angejuaje ni mimi niliyekuwa ndani ya gari?"

Hession aliliburuta boksi na kulifungua. Gitaa lilikuwa limeachwa kibarazani siku moja baada ya kifo cha mzee, kama Malachy alivyozoea kuliacha kila anaporudi. Walipolichukua, halikuwa na uzi hata mmoja mzima. Hession alikuwa ameshalitazama mara nyingi. Safari hii alilibeba hadi jikoni, akafungua pazia kidogo, akaliweka kwenye mwanga.

"Assumpta, uzi wa gitaa ukikatwa ukiwa umekazwa, unafanya nini?"

"Unaruka. Ulishawahi kumchana Malachy shavuni."

"Na gitaa lenyewe?"

Malachy alijibu kutoka ngazini. "Ukizikata zote kwa pigo moja shingo inashtuka. Inaweza kupinda."

"Angalia hapa." Hession aliinua ncha za nyuzi zilizobaki kichwani mwa gitaa. "Hizi zililegezwa kwanza. Vikaza nyuzi vyote vimezungushwa hadi mwisho, kimoja baada ya kingine. Baada ya hapo ndipo akakata. Na vipande alivikunja vizuri kama kamba ya nanga, akaviweka ndani ya boksi ili visimchome mtu. Huyu alikuja kukutisha, Malachy, lakini hakuweza kuliumiza gitaa. Ni mpiga muziki. Na si wa juzi."

Chuma cha moto kiligonga ngazi. Malachy alikuwa amekiacha kidondoke.

"Basi atakuwa pale baani leo," alisema. "Atakuwa kwenye duara la wapigaji. Atakaa kando yangu anywe chai."

"Ndiyo," Hession alisema. "Ndiyo maana tunakwenda."

Ilikuwa desturi ya Kilfarna: Jumapili ya kwanza baada ya mazishi ya mpiga muziki, wenzake hukutana katika baa ya Dymphna Marrinan, huacha kiti chake wazi na chombo chake juu ya kiti. Ndugu wa marehemu aliweza kuomba tuni yoyote, na aliyeombwa hakukataa. Philomena Talty, dada wa Eugene, alikuwa amekubali kuomba "Kondoo wa Padri". Malachy angesikiliza. Akimsikia mtu akipanda kwenye kona, angeweka gitaa chini na kuomba maji.

"Nani aligombana na mzee?" Hession aliuliza, ingawa majibu alikuwa nayo.

"Cathal," Assumpta alisema. "Mpwa wake, yule mpiga filimbi. Walirushiana maneno juu ya kuirithi nyumba, na mzee hajaugua hata mafua. Mwingine ni zamani sana. Eugene na Senan Droney walikuwa na kesi ya njia, ile ya kupita shambani kwa Senan kwenda machimboni. Padri akawashikanisha mikono, ikaisha. Tangu hapo wanapiga pamoja kila Jumapili."

"Na nani anajua kuhusu nyuzi?"

"Hakuna. Dymphna aliniuliza kama Malachy atapiga leo, nikamwambia gitaa limepata ajali. Basi. Sikuongeza hata nukta."

Mlango uligongwa.

Hakuna aliyesogea. Maji ya chai yalianza kuchemka jikoni, na Assumpta akaweka mkono juu ya kifuniko cha birika kana kwamba angeweza kulinyamazisha. Malachy alikuwa amekiokota kile chuma, naye amesimama ngazi moja juu zaidi.

"Mko hai humo?" sauti ya kiume iliita. "Au niende nikamlete padri?"

Assumpta akashusha pumzi. "Ni Senan."

Senan Droney aliingia akijikung'uta mvua, mzee mrefu mwenye nyusi nyeupe, kofia mkononi. Nusu ya watoto wa Kilfarna walikuwa wamejifunza fidla magotini pake, Malachy akiwa mmojawapo, kabla hajaiasi fidla na kuoa gitaa. Hakushangaa kumkuta Sajenti. Alitoa mfukoni pakiti ndogo akaitupa kwenye meza.

"Nyuzi mpya. Nilikuwa nazo sandukuni tangu binti yangu alipokwenda Australia. Nimesikia gitaa limepata ajali, nikasema, Jumapili ya Eugene bila gitaa? Haiwezekani."

"Umefanya vyema, Senan," Malachy alisema kwa sauti nyembamba.

"Sikukuletea bure. Leo utupigie muziki wetu. Ukianza yale mambo yako ya Marekani, Eugene atafufuka akimbilie Limerick."

Hata Assumpta alicheka. Senan aliushika mkono wa Malachy katikati ya viganja vyake na kuusugua, kama afanyavyo mtu kwa mtoto aliyetoka kwenye baridi.

"Mikono kama samaki, mwanangu. Ipashe moto kabla hujaja. Sajenti, wewe utakuja? Utachoka. Tuni zote zitakuwa sawa kwako."

"Nitakunywa wiski ya moto, nitatikisa kichwa," Hession alisema.

"Wengi wanaojiita wajuzi hufanya hivyo hivyo," alisema Senan, akavaa kofia yake, akaondoka.

Malachy alikaa mezani akazifunga zile nyuzi mpya. Mara mbili uzi ulimponyoka. Alipomaliza alipiga taratibu, na nyuzi zilizobaki wazi zikavuma nyuma ya mkono wake kama upepo kwenye waya.

"Hivi ndivyo ninavyopiga nao," alimwambia Hession. "Unasikia? Kodi yangu ni tupu katikati. Haina furaha wala huzuni, hivyo mwenye tuni anaweza kwenda anakotaka. Mpiga gitaa hatangulii, Sajenti. Anamfuata mwenye tuni kama mbwa anavyomfuata mchungaji."

"Nionyeshe ile kona."

Aliiimba kwa mdomo huku akipiga: mara ya kwanza ikishuka, kama ya watu wote, mara ya pili ikipanda. Ilipopanda, kodi yake ilikwaruza. Hession mwenyewe alisikia kwamba kitu hakikukaa.

"Haifai," Malachy alisema. "Ukipanda, hii haifai. Ingetakiwa hivi." Vidole vyake vikatambaa kwenye shingo ya gitaa, vikajipinda kwa namna isiyo ya kawaida, akapiga. Ilikuwa sauti nzito na ya ajabu, kama mlango unaofunguka wenyewe katika nyumba isiyo na watu.

Assumpta alijikumbatia. "Mama yangu."

"Hiyo ni ya jazz," Hession alisema.

"Hiyo ni ya jazz."

"Ukiipiga pale baani, watasema nini?"

"Watanitupa nje na kiti changu," Malachy alisema, na kwa mara ya kwanza siku ile akatabasamu. Tabasamu halikudumu. "Sajenti. Ikiwa hatapanda?"

Hession alilirudisha gitaa ndani ya boksi, akafunga kifuniko.

* * *

Baa ya Dymphna Marrinan ilinuka mboji iliyokaushwa iwe kuni, iliyokuwa ikiungua mekoni, sufu iliyolowa, na karafuu za wiski ya moto. Watu walikuwa wamejaa hadi kwenye korido ya choo. Wapigaji walikaa kwa duara karibu na moto, na katikati yao palikuwa na kiti kitupu chenye konsetina ya Eugene. Kila aliyepita alikipisha kama anavyopisha mtu.

Hession alimweka askari kijana mwenye nguo za kiraia kando ya mlango wa mbele, kisha akamvuta Cathal Talty kando, penye mapipa matupu. Cathal alikuwa mwanamume mnene wa makamo, mwenye macho mekundu.

"Uliniambia asubuhi ile ulikuwa umelala."

"Nilikuwa nimelala."

"Gari lako lilionekana barabara ya Ennis."

"Basi lilikuwa linatembea usingizini."

"Cathal, nimechoka, na viatu vyangu vimelowa. Sasa hivi jina lako ndilo pekee nililo nalo."

Cathal alitazama chini. Alipozungumza, alizungumza karibu na sikio lake ili Philomena asisikie. "Nilikuwa kwa dalali wa nyumba. Nilimpeleka picha za nyumba ya mjomba. Bado yu hai, Sajenti, anakunywa chai yake, na mimi niko kwa dalali naiuza. Nilirudi nikaambiwa yuko majini. Unataka niliseme hilo hapa, mbele yao? Bora useme nimemuua."

"Dalali atanithibitishia?"

"Alinipa biskuti. Muulize."

Alikuwa anasema kweli. Hession alijua kabla hajampigia dalali simu, na alipompigia kutoka kwenye korido, ilithibitika. Alirudi akiwa na hofu ambayo hakuwa nayo alipotoka kwa Malachy. Alikuwa na mshukiwa, sasa hana. Alikuwa na chumba kilichojaa watu wema, kila mmoja akiwa na chombo kilichofutwa vizuri, na Malachy alikuwa ameshakaa katikati yao.

Walikuwa wamemkalisha kando ya Senan, goti kwa goti, kwa sababu gitaa hukaa na kiongozi.

"Haya, Malachy," mpiga banjo alimpigia kelele, "umekuja na gitaa la kwetu au la New Orleans?"

"Mwacheni," Senan alisema. "Leo ameniahidi kuwa Mkristo."

Walicheka. Walipiga tuni kadhaa, na Hession alikunywa na kutikisa kichwa. Malachy hakumtazama. Jasho lilikuwa likimtoka kwenye nywele likishuka mbele ya sikio, na hakuwa na mkono wa kulifutia. Katika kila pumziko aliwatazama wenzake mmoja mmoja, kisha akainamisha macho haraka, kama mtu anayehesabu mbwa katika ua asioujua.

Philomena Talty alisimama akiwa na kikombe chake cha chai. Chumba kikanyamaza.

"Kaka yangu alipenda 'Kondoo wa Padri'," alisema. "Naiomba. Senan, uianze wewe. Wewe ndiye mkubwa."

Senan Droney alipaka ulimbo kwenye upinde wake. "Kwa ajili ya Eugene," akasema, akaweka fidla kidevuni.

Tuni iliondoka kama farasi. Fidla, filimbi, akodioni na banjo, zote kwa pamoja, sakafu ikitikisika kwa visigino. Desturi ni kuizunguka mara tatu, kisha kiongozi huvuka kwenda tuni nyingine. Hession aliweka bilauri chini. Katika ile jikoni yenye giza alikuwa amejifunza jambo moja tu la muziki maishani mwake, na sasa alilisubiri: sehemu ya pili, kisha kona.

Wote walishuka.

Mzunguko wa pili. Hession alisogea mbele ya nguzo ili amwone mpiga akodioni, kisha mpiga banjo, kisha Cathal aliyekuwa amevimbisha mashavu juu ya filimbi. Kona ikaja. Wote walishuka, safi, kama askari wanaoteremka ngazi.

Aliyekuwa akiimba ukunguni, basi, aliimba asichokipiga. Alikuwa na tuni mbili, ya watu na ya kwake, na hapa mbele ya watu alikuwa ameishika ya watu kwa mikono yote miwili. Mzunguko wa tatu ulipoanza, Hession alijua kwamba mpango wake umekwisha. Malachy naye alijua. Aliinua uso na kumtazama kwa mara ya kwanza, na uso ule ulikuwa wa mtu anayeona mashua ikiondoka gatini bila yeye.

Kisha akafumba macho. Mkono wake wa kushoto ukaanza kutambaa kwenye shingo ya gitaa.

Hession alitaka kumpigia kelele asifanye. Kona ikaja, na mpiga gitaa akatangulia.

Ile kodi ilifunguka katikati ya duara, nzito, ngeni, kama mlango ndani ya nyumba tupu. Mpiga banjo aliruka kitini. Vyombo vyote vilishuka, kama vilivyozoea, vikagongana na kodi ile vibaya. Isipokuwa fidla moja. Fidla moja ilisikia chini yake sakafu iliyojengwa kwa ajili yake tu, sakafu ambayo hakuna mtu aliyewahi kuiweka, na vidole vikaenda kabla ya kichwa. Ilipanda juu, peke yake, tamu kabisa, mbele ya watu wote.

Mguu wa Senan Droney uliacha kupiga sakafu.

Ukaanza tena. Mzunguko wa tatu ulikwisha, na wapigaji wakamtazama awavushe kwenda tuni nyingine. Hakuwavusha. Alirudi mwanzo wa tuni ile ile. Aliyeianza ndiye mwenye kuimaliza, na hakuna mtu wa Kilfarna anayemkatiza mwenzake katikati ya tuni, hata nyumba ikiungua. Wakamfuata. Alifika kwenye kona, akapanda tena, sasa bila kujificha, huku amemgeukia Malachy, nyusi zake nyeupe zikiwa kiasi cha shubiri kutoka usoni mwa mpiga gitaa. Malachy alimwekea kodi yake. Akarudi mwanzo. Akapanda.

Cathal aliteremsha filimbi. Hakuwa ameelewa, lakini ngozi yake ilikuwa imeelewa. Mpiga banjo naye akaacha, kisha akodioni, kisha fidla za nyuma, mmoja mmoja, hadi wakabaki wawili, goti kwa goti. Senan aliongeza kasi. Hession alipita nyuma ya watu hadi kwenye mlango wa uani, akasimama hapo akiwa ameshika kitasa. Aliweza kumkamata. Lakini upinde ulikuwa ukipita karibu sana na koo la Malachy, mkono ulioushika ulikuwa na nguvu za mtu wa shamba, na muda wote tuni inapoendelea mkono ule ulikuwa na kazi.

Malachy alilia bila sauti. Machozi yalimtoka na mikono iliendelea. Alimfuata mzee kila alikokwenda, akiogopa kumwacha hata kwa nusu ya pigo, kwa sababu alikuwa ameshaona kilichotokea alipoacha mara ya kwanza.

Kisha Senan akapunguza, kidogo kidogo, akaishusha tuni hadi kwenye sauti yake ya mwisho, akaiacha ife yenyewe. Hakuna aliyepiga makofi. Aliilaza fidla mapajani, akazungusha kikaza cha upinde, akazilegeza nywele za farasi zilizofungwa juu yake kwa uangalifu kama afanyavyo kila mpigaji anapomaliza kazi. Hession aliitazama mikono ile ikilegeza, akakumbuka vile vikaza nyuzi jikoni.

"Kodi ile umeitoa wapi, Malachy?" Senan aliuliza.

"Kwenye jazz, Senan."

"Ni nzuri." Alifuta ulimbo kwenye fidla kwa kitambaa. "Mama yangu angeipenda. Alikuwa mtu wa Donegal, unajua, kule wana tuni zao. Alikuwa akiniimbia hivyo kukiwa na radi. Nilipoipiga shuleni mwalimu alinitandika, na tangu hapo sijaipiga mbele za watu."

"Bwana Droney," Hession alisema kutoka mlangoni, "nani alikwambia kwamba kilichoharibika ni nyuzi?"

Senan aliendelea kufuta fidla.

"Mimi nilimwambia ni ajali tu," Dymphna alisema nyuma ya kaunta, chupa mkononi. "Nilidhani limeanguka likavunjika shingo. Nilimwambia hivyo, gitaa la Malachy limepata ajali. Senan?"

"Shingo," Senan alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyetukanwa. "Ningewezaje kulivunja shingo? Gitaa lilikuwa na kosa gani?"

Kikombe cha Philomena kiligonga kisahani chake.

"Na Eugene?" alisema. "Eugene alikuwa na kosa gani?"

Mzee aliweka kitambaa chini. Alikitazama kile kiti kitupu na konsetina yake.

"Alisema ataifungua tena ile kesi ya njia," alisema mwishowe. "Asubuhi ile. Baada ya miaka yote, na tulishikana mikono. Nilimshika tu mkono, Philomena. Nilitaka tushikane tena."

Askari kijana alikuwa ameshafika. Senan alisimama mwenyewe, akampa mpiga banjo fidla yake amtunzie, akanyoosha mikono. Alipopita karibu na Hession alikuwa ananuka ulimbo na sabuni ya Jumapili, na midomo yake ilikuwa ikitikisika bila sauti, di-del-di, di-del-di, kama mtoto aliyesikia radi.

Mlango ulifungwa. Kwa muda hakuna aliyejua la kufanya na mikono yake.

Assumpta alipenya katikati ya viti akapiga magoti mbele ya mumewe. Malachy alikuwa bado ameishika ile kodi. Vidole vyake vilikuwa vimejifunga kwenye shingo ya gitaa, vyeupe, nyuzi zimezama ndani ya nyama, na alipojaribu kuviinua havikumtii.

"Siwezi kuachia," alimwambia mkewe kwa mnong'ono.

"Najua. Tulia."

Akaanza na kidole kidogo. Alikiinua, na uzi mmoja ukalia peke yake katika chumba kile kimya. Kisha akakishika cha pili.